Jembe Siku ya Msiba Wako

Mama Minza, mwenzangu,

Naona haya kukuandikia jambo hili, lakini heri ulisikie kwangu kabla hajafika huko mtu mwenye maneno. Nililima siku ya msiba wako. Tulikuzika Jumatatu hapa Didia, na Jumanne asubuhi nilikuwa shambani kwako, wakati watu wako matangani na hakuna jembe linaloruhusiwa kugusa ardhi, kama mila inavyotaka.

Mvua ya kwanza ilinyesha tukiwa makaburini. Watu walisema umebarikiwa. Mimi nilikumbuka neno la mwanangwa, mkuu wa kijiji chetu, siku shemeji yako alipodai shamba la marehemu mumeo. Ulisimama barazani, mwanamke peke yako kati ya wanaume, ukasema, "Huu udongo uulizeni unamjua nani." Jinsi walivyocheka! Mwanangwa akaamua kwamba siku ya tano baada ya mvua ya kwanza atakuja kukagua. Akikuta limepandwa lote, ni lako na Minza. Akikuta pori, shemeji alichukue. Alidhani hutaweza, maana alisahau kuwa wanawake tunalimiana kwa zamu.

Zamu yako ilikuwa wiki ile ile homa ilipokuangusha. Nusu ya shamba ilikuwa bado majani.

Niliwaendea wenzetu matangani, nikawanong'oneza. Mama Holo, yule aliyekuuguza mpaka mwisho, alinijibu kwa sauti kila mtu asikie: "Hata udongo wa kaburi haujakauka! Ulimpenda Kabula au ulipenda shamba lake?" Wengi wakabaki naye. Tulitoka wanne tu, na Minza wako mbele yetu, kichwa kimenyolewa, jembe lako begani. Wenzangu walilima wakilia. Matuta yangu yalipinda, na hapakuwa na wa kuniambia, "Mama Shija, unalima au unafukuza kuku?"

Siku ya tano mwanangwa alikuja na shemeji yako. Alizunguka kote, akafukua mbegu ya mtama kwa kidole, akasema shamba ni la Minza. Basi. Nilitoka mbio nije nikwambie. Nilifika mpaka mlangoni kwako, nimeshafungua mdomo nipige hodi.

Ee Kabula.

Tumeshinda, lakini tumevunjika. Kisimani Mama Holo akiniona anajitwisha mtungi haujajaa na kuondoka. Zamu imekufa, kila mmoja analima peke yake na mgongo wake. Wanaume wanasema ndivyo mambo ya wanawake yanavyoishia. Na mwezi huu mjane mwingine ameanza kusumbuliwa na ndugu wa mumewe, na sisi tunapitana njiani kimya. Kidole kimoja hakivunji chawa, wewe ndiye uliyetuimbia hivyo kila asubuhi, na sasa tumekuwa vidole vilivyotawanyika. Ungekuwepo ungetugombeza mpaka tucheke.

Nakuahidi hivi. Kesho nakwenda kwa Mama Holo. Karanga zake zimemezwa na magugu. Nitapiga magoti nimwamkie, ingawa mimi ndiye mkubwa. Kwa kulima sitaomba radhi, hata kwako siombi. Nitamwomba radhi kwa kumwacha alie bila mimi. Kisha nitaingia shambani kwake nipalilie. Akinifukuza nitarudi keshokutwa, na siku itakayofuata, na Minza amesema atakuja nami. Tukianza wawili, naye akija tutakuwa watatu. Tutakwenda kwa yule mjane tukiwa wengi, na barazani hatasimama tena mwanamke peke yake.

Lala salama, mwenzangu. Kesho kuna kazi. Leo nimemwambia Minza anifungie mlango, jembe nimeliweka nje, nimekaa chini. Sijakulilia bado, Kabula, sikupata nafasi. Niache leo nikulilie.

Mimi mwenzako,
Mama Shija