Kitabu cha Zamu

Dada yangu mpenzi,

Mama anakusalimu sana. Paa tumeshaliziba, na kuku wa jirani bado wanatumalizia mboga.

Ila kazini nimekomeshwa. Meneja wetu wa kiwanda cha mikate aliniona nasinzia mbele ya tanuri, akaniita ofisini, akafunga mlango. "Niambie tu, mdogo wangu. Yataishia humu humu." Nikammwagia yote: kwamba mama ananiuliza mimi ni nani, na kwamba silali kwa kumlinda asitoke nje. Nililia, dada. Akanipa leso yake.

Kesho yake, tukipokezana zamu, msimamizi akatusomea kitabu cha maagizo kwa sauti, kama kila siku. Meneja alikuwa ameandika: "Mwokaji wa tanuri la pili ana mama aliyepotewa na akili. Asiachiwe moto peke yake." Watu wote wakanigeukia.

Nilipomfuata meneja, alishangaa kwelikweli. "Si nimeandika ili wakusaidie?"

Leo ameniuliza hali. Nimemjibu, "Mzima wa afya, bosi," nikamrudishia leso yake.

Nisamehe, dada, kwamba yeye amejua kabla yako. Zile salamu za mama hapo juu nimezitunga mimi.

Mdogo wako