Midomo Haina Kufuli

Gereza la Wanawake,
London.
Jumapili, 14 Machi 1909.

Mpendwa Shangazi Keturah,

Salamu nyingi zivuke bahari zote hizo zikufikie wewe, Mjomba Silas, na kondoo wenu wa Dunedin. Miguu yako inaendeleaje? Mara ya mwisho uliandika kwamba inavimba baridi ikiingia, na kwamba Mjomba anakukanda kwa mafuta huku akilalamika kama mtu anayekandwa yeye. Natumaini mmekwisha kupona wote wawili.

Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini si kwa huzuni, ni kwa uji wa humu, ambao ukimpelekea fundi atabandikia karatasi za ukutani na atashukuru.

Usishtuke kwa anwani. Sijaiba wala sijaua. Tena usishtuke kwa karatasi hii, ingawa ndiyo tunayopewa kwa kazi ya chooni. Ni safi, nakuapia. Barua za halali zinasomwa kwanza na wakubwa, kwa hiyo hii itatoka ndani ya soksi ya mwenzetu anayemaliza kifungo wiki hii. Ukikuta herufi zimefifia, mlaumu yeye na jasho lake.

Kisa chenyewe ni kifupi. Tulitoka Burnley kundi zima la wanawake wa viwandani, na viatu vyetu vya mbao na mitandio yetu kichwani, tukaenda Bungeni kumpelekea Waziri Mkuu ombi la kura. Waziri Mkuu hakuwa na nafasi. Polisi walikuwa nayo tele. Kesho yake nikasimamishwa mbele ya hakimu, akanipa kuchagua: nitie saini ahadi ya kukaa kimya mwaka mzima, nirudi nyumbani siku ile ile, au nikae jela miezi miwili. Nikachagua jela, ingawa mlango wa kutia saini umeachwa wazi siku yoyote nikitaka.

Hakimu hakuwa mtu mbaya, ila alipenda kujisikia akiongea. Akaniuliza, "Sasa binti, wanawake wakipiga kura, chakula cha waume zao atapika nani?"

Nikamwambia, "Mheshimiwa, nina shangazi New Zealand. Anapiga kura tangu nikiwa mtoto, na mume wake amezidi kunenepa."

Mahakama nzima ilicheka, hata karani. Niombee radhi kwa Mjomba Silas, lakini ushahidi ni ushahidi. Nimewasimulia wenzangu humu pia kwamba siku ya kura wewe ulipitia kwanza sokoni kununua samaki, ukaingia kupiga kura na kikapu mkononi, ukarudi kumkaanga. Hawachoki kunisikia nikisimulia habari hiyo. Wanataka hata kujua alikuwa samaki gani.

Nimesema "kunisikia", lakini hilo si neno lake, maana humu ndani kuongea ni marufuku. Tunazunguka uani mmoja nyuma ya mwingine, kimya kama tunasindikiza maiti. Mabibi wa London walikuwa wanakufa kwa upweke. Mimi niliingia siku ya kwanza, nikatazama huku na huku, nikajiona niko nyumbani. Wewe uliyesimama kwenye mitambo ya kufumia tangu utotoni hutashangaa. Kule kiwandani kelele ni nyingi mno hata sikio halifai kitu, ndiyo maana sisi wafumaji tunasemezana kwa midomo mitupu, tena tunaipanua ili mtu wa mwisho wa ukumbi asome. Kule tulinyimwa masikio, humu tumenyimwa sauti, na dawa ni ile ile. Basi nimegeuka mwalimu.

Mwanafunzi wangu wa kwanza ni Bibi Winifred, jirani yangu wa chumba cha pili, binti wa kanali. Moyo wake ni wa dhahabu, ila midomo yake ilifundishwa kutofunguka. Juzi aliniambia ana bibi huko Kent anayempenda kuliko kitu chochote. Mimi nikasoma "pipi", nikamjibu akitoka asisahau kunigawia. Alinitazama kama ametukaniwa ukoo. Nilipoelewa kosa nilicheka kwa sauti, na mlinzi wetu, tunayemwita Funguo kwa jinsi funguo zake zinavyolia akitembea, akanijia mbio.

"Wewe! Unatafuna nini?"

"Ulimi wangu, mama."

"Utemee hapa!"

Nikamwonyesha. Akaukagua kwa makini, Shangazi, akaenda zake.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana nimelizunguka kama paka na maziwa ya moto.

Unamjua kaka yako. Asubuhi ile naondoka, Baba alisimama mlangoni, mtaa mzima unatazama, akasema, "Zillah, ukipanda treni hiyo, usinigongee mlango tena." Hakupaza sauti. Angepaza ningepata moyo, maana hasira za Baba hupoa kabla ya chai. Lakini lile alilisema polepole, kama anavyofunga skrubu mtamboni. Tangu nimjue, Baba hajawahi kumeza neno alilolitoa mbele za watu. Wewe mwenyewe uliniambia alivyosusa kanisa mwaka mzima kwa ajili ya wimbo mmoja uliobadilishwa mahadhi.

Wiki iliyopita Mama alikuja kunitazama. Amepanda treni usiku kucha, amevaa kofia yake ya Jumapili, na mkoba umejaa mkate wa shayiri ambao Funguo aliuzuia langoni. Tuliwekwa pande mbili za wavu, Funguo katikati, masikio kayatega. Mama akaanza kwa sauti, maneno yamepangwa kama mtoto anayesoma ubao: "Mchungaji anakuomba utie saini. Mjomba wako, kaka yangu, anakuomba utie saini. Majirani wote wanasema yatosha." Jina la Baba hakulitaja, nami sikuthubutu kuliuliza.

Halafu Funguo akageuka kuangalia saa, na Mama akasema kwa midomo, wazi kama yuko mtamboni: "Mama anasema usitie saini. Kaza."

Mama yangu! Yule asiyebishana hata na mwuza samaki! Nilitaka kuuvunja ule wavu nimkumbatie. Na yeye huku anajifuta kidevu tena na tena, maana hata katika hali ile hakutaka chembe ya mkate imwaibishe mbele ya watu wa London. Tulipoambiwa muda umekwisha, akarudi kwenye sauti, akasema tu ili aseme kitu, "Baba yako amevipigilia vyuma vipya vya soli vile viatu vyako vya mbao vya kazini ulivyoviacha. Alikaa navyo jioni nzima." Nikajibu vizuri, lakini moyo ulinishuka. Binamu yangu Martha ameanza kazi kiwandani na miguu yetu ni sawa. Nilijua anapewa yeye. Mtu anayekutarajia hagawi viatu vyako.

Kwa hiyo, Shangazi, ninaomba. Kutia saini sitatia, hilo limekwisha, hasa baada ya Mama kusema. Nitatoka hapa mwishoni mwa Aprili nikiwa nimesimama wima, lakini sina pa kwenda. Nasikia kwenu kuna kiwanda cha sufu. Niulizie kama wanahitaji mfumaji, na kama pana kona nyumbani kwako ya kuweka kitanda. Nitafua, nitapika, nitamkanda huyo Mjomba badala yako. Sikufichi, naumia. Kura tutaipata, sina shaka nayo hata kidogo, nimewaona wanawake hawa. Baba ndiye nisiyejua kama nitampata tena. Kutwa nzima najikuta namjibu kichwani, na kila mara ananishinda kwa kunyamaza.

Wino hauna shida, ni penseli, lakini mwanga umekwisha. Nitamalizia kesho kutwa.

Jumanne.

Shangazi, usiulizie kazi. Usitafute kitanda. Kona hiyo mpe mwingine anayeihitaji. Ngoja nikueleze kwa utaratibu, ingawa karatasi hii inachanika kwa kutazamwa tu.

Leo asubuhi tulikuwa uani. Bibi Winifred alikuwa nyuma yangu, na kwenye kona, pale tunapogeuka na kutazamana kidogo, huwa tunaiba somo letu. Tangu mambo ya pipi amekuwa mwanafunzi mkali, hakubali kupitwa. Akaniuliza kwa midomo, "Kama bibi na pipi ni kitu kimoja, basi mama na baba je? Midomo si inafungwa vile vile?"

Swali zuri. Nikamjibu tulipofika kona ya pili: ni kweli, mama na baba ni mdomo mmoja, hakuna jicho linaloweza kuyatenganisha, ndiyo maana kiwandani tunaongeza mkono. Ukisema mama, unagusa nywele. Ukisema baba, unagusa kidevu, kwa ajili ya ndevu.

Nikamwonyesha. Nywele, mama. Kidevu, baba.

Na mkono wangu ukabaki pale pale kidevuni, Shangazi. Nilisimama. Mstari mzima ukasimama nyuma yangu, wanawake wakagongana kama mabehewa, Funguo akaanza kupiga kelele, mimi simsikii. Naona kofia ya Jumapili tu, na mkono wa Mama kwenye kidevu chake. Hakukuwa na chembe! Mkate wenyewe ulizuiwa langoni, tena Mama ni mtu wa kujifuta mara moja akamaliza. Alikuwa anasema. Alikuwa ananiletea salamu niliyotumiwa, na mimi, mfumaji mtoto wa mfumaji, ninayejidai mwalimu wa wengine, nikaitazama nikaona makombo.

Baba anasema usitie saini. Kaza.

Sasa yote yamekaa mahali pake. Kwa nini Mama alimtaja mchungaji, mjomba na majirani, na Baba akamruka. Hakuwa na la Baba la kusema kwa sauti. Kaka yako alishatoa neno lake mbele ya mtaa, na kwa sauti hawezi kulirudisha, angekufa kwanza. Lakini midomo si sauti. Naona kabisa alivyomwita Mama jikoni, akafunga mlango, akamwambia maneno hayo bila hata kutoa pumzi, ili mwenyewe asijisikie akiyasema.

Na viatu. Nimekuwa mjinga kiasi gani? Martha ana viatu vyake, alinunuliwa Krismasi, nilikuwepo. Baba hakai jioni nzima na viatu vya Martha.

Nililia uani mchana kweupe. Funguo aliponijia akaniuliza, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua kuwa anayo, "Umepata habari mbaya?" Nikamwambia, "Hapana, mama. Nimechelewa kusoma tu." Bibi Winifred amesoma kila kitu usoni mwangu, na nafikiri sasa amehitimu.

Basi kwako ninaomba jambo moja tu badala ya yale yote. Usimwandikie Baba kwamba nimejua. Atakana, na akishakana itabidi ashikilie. Mwandikie habari za kondoo, mwulize bustani yake, mwache na heshima yake. Nami nitakaporudi sitabisha hodi, kwa kuwa nilikatazwa kugonga mlango na mimi ni mtoto mtiifu. Mama ataniletea viatu vyangu stesheni. Nitavivaa pale pale, nitapanda mtaa wetu wa mawe kutoka chini mpaka juu, nikikanyaga kwa nguvu vyuma vile vipya, mpaka atoke mwenyewe kuona ni nani anayepiga kelele zote hizo.

Nisalimie Mjomba Silas na unene wake. Wasalimie akina Rhoda na watoto, na yule jirani yako Mskoti anayekuazima gazeti. Ikija siku ya kura tena, nenda na kikapu chako, na kabla hujatia alama simama kidogo utukumbuke sisi. Mungu ailinde miguu yako ikufikishe pale kila mara, na atuweke hai mpaka tukutane.

Wako akupendaye, kwa sauti na kwa midomo,

Zillah Duerden