Shangazi na Mistari Ishirini ya Maharage

Jumatano. Baridi ya Julai imetuuma tangu alfajiri, lakini mimi nina furaha hadi vidole vinakosea herufi.

Shangazi Scholastika si mwizi. Mahakama imesema!

Nianze na aibu yangu. Mtihani wa sheria ya jinai niliufeli muhula uliopita. Niliandika kwamba ukichukua cha mtu umeiba, basi. Mwalimu akauliza pembeni kwa wino mwekundu: na nia je? Nilinuna wiki nzima.

Huku Mpepai mlimani tunalima ngoro, yale mashimo yanayozuia udongo usiporomoke. Mwanamume hulaza nyasi kwa miraba, mwanamke huchimba. Shangazi miaka yote huhesabu mistari ishirini ya mashimo kutoka juu, na hapo ndipo mpaka wake na jirani yake, Mama Bosco. Mwaka huu Shangazi ni mjane. Shemeji yake ndiye aliyelaza nyasi za mashamba yote mawili, akafanya miraba mikubwa kuliko ya marehemu, na akina mama wakapanda maharage kwa pamoja siku moja. Wakati wa kuvuna, Shangazi akahesabu mistari yake ishirini kama kawaida. Akaingia mistari mitatu kwa mwenzake. Mama Bosco akamshtaki kwa wizi.

Jana nilimkuta Shangazi ameshaamua. Akiulizwa na hakimu, atajibu "ni kweli", kwa sababu alivuna kwa mikono yake na hawezi kusema uongo.

Jibu hilo lingemtia hatiani palepale! Nikamweleza kwamba wizi unataka mkono uliochukua na moyo uliojua kuwa kitu ni cha mwenzako. Moyo usipokuwepo, mkono peke yake haufanyi wizi. Aseme yote, asifiche hata punje.

Leo nilikaa benchi la nyuma. Hakimu alisoma shtaka, akauliza kama ni kweli. Shangazi akajibu:

"Kuvuna nimevuna mimi, mheshimiwa. Ila nilijua ni yangu."

Hakimu akaandika kuwa amekana. Shemeji akaeleza miraba yake. Majirani wakasema Shangazi alivuna mchana kweupe, akisalimiana na wapita njia. Akaachiwa huru.

Nilijizuia nisipige vigelegele. Nje, Shangazi alimfuata Mama Bosco, akamwomba aje nyumbani achukue maharage yake. Mimi, wakili wa kujiteua, nikamvuta kitenge na kumnong'oneza kuwa mahakama haijamwamuru arudishe.

Akaniangalia kama anayemtazama mtoto mchanga.

"Mwanangu, juzi sikujua. Leo najua. Nikikaa nayo, si ndiyo nimeiba?"

Nimecheka njia nzima ya kwenda kwa Mama Bosco, debe la maharage yake likiwa kichwani kwangu. Hivi mimi niliyesomea, mbona sikuliona hilo?