Mkono Ambao Baba Hakuupokea

Lanham, Maryland
Novemba 1998

Kwako ndugu yangu Phineas,

Pokea salamu zangu kabla hujaanza kununa. Hujambo? Wifi na watoto je, baridi ya Nanyuki haijawashinda? Mimi nipo, nakula, nalala, na Mungu ananitunza. Najua hatuandikiani sana siku hizi, lakini hii naomba uisome mpaka mwisho, hata nikikuudhi.

Mama ameniandikia kwamba mwezi ujao wanajengea kaburi la baba, na kwamba wewe umekataa katakata kwenda. Ati ulisema mtu aliyekudharau akiwa hai huna sababu ya kumheshimu akiwa kaburini. Maneno hayo yamemlaza mama kitandani. Mimi sikukulaumu, maana nilikuwepo. Siku ulipomleta wifi nyumbani nilikuwa nyuma yenu pale langoni. Ulimnyooshea baba mkono mbele ya wakwe, naye akapita kama hakuna mtu, akaenda moja kwa moja kumsalimu mchungaji. Nilitamani ardhi inimeze. Ulimchukua mke wako ukaondoka kabla ya chakula, na hukurudi tena, hata siku ya kumzika.

Sasa nikuambie ya huku, na uvumilie, utaona yanavyokuhusu.

Unajua kazi yangu ni kuwatunza wazee. Mwezi wa tano nilimpeleka bibi mmoja kliniki ya macho kule Bladensburg. Kuingia tu nikajigonga bega kwenye mlango, kisha nikapiga teke kapu la magazeti. Daktari, mama mmoja mpole, akacheka pamoja nami, halafu akaacha kucheka. Akaniomba nikae kwenye kile kiti cha bibi. Alipomaliza kunipima akasema nina presha ya macho, ugonjwa usiouma, unaokula uwezo wa kuona pembeni taratibu na kuacha wa katikati. Macho yote mawili yameliwa, la kushoto zaidi. Kilichopotea hakirudi, matone ya dawa yanalinda kilichobaki tu. Nililia ndani ya basi mpaka watu wakahama viti. Sikumwambia mama, na wewe usimwambie kwa simu.

Basi huku madaktari wa macho, hata wawe na mvi, lazima warudi darasani, la sivyo leseni zao hazifanywi upya. Daktari wangu akaniomba niende kwenye semina yao, hotelini kule Springfield, wajifunzie kwangu. Candide, Mkongo ninayefanya kazi naye, ndiye aliyenipeleka kwa gari lake, akilalamika njia nzima, kwa Kiswahili chao cha Kongo, kwamba hao watu batanitoa jicho bure. Nikakalishwa mbele. Madaktari wakapanga foleni kunichungulia kwa taa, na kila aliyechungulia akasema nzuri, nzuri ajabu. Mimi huyo natabasamu! Nilidhani matone yamefanya kazi. Candide akaenda kuuliza, akarudi amenyong'onyea, akanieleza kwamba wanasifu ugonjwa, umekolea vizuri kwa kufundishia. Nilijiona kama ng'ombe wa maonyesho.

Kisha mwalimu wao akasimama, mzee mfupi mwenye sauti ya kuchoka. Akawaambia wenzake kwamba wamekuwa wakiuliza vibaya. Ukimwuliza mgonjwa kama kwao kuna kipofu, atasema hakuna, na kweli mimi ndivyo nilivyokuwa nimesema. Akawataka waulize hivi: kwenu kulikuwa na mzee aliyeangusha vikombe, aliyeshtuka ukimjia kwa upande, aliyepita watu bila salamu hadi wakasema anaringa? Akasema mzee wa namna hiyo huenda alisoma herufi ndogo kabisa mpaka siku ya kufa, kwa kuwa katikati ndiko kunakobaki mwisho. Na mwenyewe haoni giza lolote pembeni. Haoni kwamba haoni.

Akanigeukia aniulize mimi, ukumbi mzima ukinitazama. Phineas, Kiingereza chote kilinitoka. Nilisema tu baba, baba, baba, mpaka Candide akaja kunishika. Si tulikuwa tukisema, mtu anayesoma ile Biblia yake ya herufi ndogo bila shida atakosaje kumwona mwanawe? Hoja yetu ilikuwa hiyo. Majirani walimwita Bwana Maringo. Wazee wenzake walimsusia, wakaacha hata kumwalika kwenye vikao vyao, naye akafa akiamini watu wamemchoka. Masikini baba yetu! Ulikuwa umesimama ubavuni mwake, ndugu yangu. Hakukukataa. Hakukuona.

Na ugonjwa huu hutembea kwenye damu. Wewe unaendesha lori. Tafadhali nenda hospitali ya macho kule Kikuyu kabla hujashika usukani tena, na usinijibu kwamba unaona vizuri, kwa sababu hata mimi nilikuwa naona vizuri. Watoto nao wapimwe watakapokua.

Limebaki moja, na mkono wangu ni mzito kuliandika. Baba alipokuwa akiugua alimwambia mama neno fulani, mama akaniandikia, nami nikamsihi asikufikishie, maana sote wawili tuliona ni unafiki wa mzee na litakuchoma bure. Alisema kuna jambo moja amelibeba muda wote bila kulisema. Siku ulipoleta mke, alisimama kando ya mchungaji akikungoja uje umpe mkono, akangoja mpaka wageni wakaondoka, na wewe hukuja. Alimwuliza mama alikukosea nini.

Msalimie sana wifi, na watoto uwaambie shangazi anawakumbuka. Mama umwandikie wewe mwenyewe. Mimi sitaweza kusafiri mwaka huu, kwa hiyo Desemba nyumbani anayengojwa ni wewe.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Nkatha