Mafuta Meupe Jikoni kwa Mama Mkwe

Mjukuu wangu Shabani, mume wangu,

Marahaba. Huku Ujiji hatujambo, na mguu wa mama yako umepona. Umeniuliza kwa nini mafuta ya kupikia unayoagiza kutoka nje yanadoda hapa jirani Mwanga, wakati huko Dar yanagombewa.

Nilipoolewa, babu yako alileta dumu la mafuta meupe kwa treni. Kwa fahari nikaungia maharage ya mama mkwe. Akafunua sufuria, akayaona yalivyopauka bila wekundu wa mawese, akauliza kwa upole, "Mwanangu, humu ndani nani anaumwa?"

Nilinuna mpaka asubuhi. Nikachukua mafuta yale yale, nikakaangia maandazi. Yakaiva vizuri, hayanuki mawese. Mama mkwe akala, akaita na majirani.

Tangazo lako la redio linawaambia watu waachane na mawese. Umewahi kuwauliza wanapika nini?

Dumu ulilonitumia nimelifungua leo. Maandazi yamependeza, wapangaji wameyamaliza yangali ya moto. Maharage nimeyaunga kwa mawese, na wewe usininunie.

Bibi yako,
Kasingirima