Kofia ndani ya Gunia la Muchele

Mwavita mwanangu,

Umekaa huko Punia mpaka mbuzi wa jirani amenizoea kuliko wewe. Mvua zimepita, mavuno ya muchele yamepita, wewe sijakuona. Ungekuwa mugeni ningesema labda uko na shida. Lakini wewe ni mutoto wa tumbo langu, kwa hiyo nasema ni jeuri.

Haya. Habari ya mwili? Habari ya mume wako Salumu, na ya watu wote wa huko kwetu? Sisi hapa Kindu tuko wazima. Kaka yako Amisi bado iko kwenye machimbo ya Pangi, ametuachia binti yake Aziza. Huyo Aziza njo anayeandika, maana mimi kalamu siijui. Nimemuambia asiongeze sukari. Kila nikisema maneno mawili matatu anayasoma tena, nasikiliza.

Kilichonifanya niandike kilianza na uzi. Lile bonge la uzi mweupe nililoweka chini ya kitanda likaanza kupungua. Kwanza nilishuku panya. Lakini panya hakati uzi vizuri namna ile. Kisha nikamushuku Mama Zaina wa nyumba ya pili, maana huja kuomba chumvi na macho yake yanaingia mpaka chumbani. Alipokuja tena nikamunyima.

Akaniangalia. “Mama Mwavita, chumvi yako imekuwa dawa?”

“Uliza vidole vyako,” nikamuambia.

Akaenda bila kuaga.

Basi siku moja nikaingiza mukono kwenye gunia nipime muchele wa kupika, nikagusa chuma. Nikavuta. Kofia ya mutoto muchanga, nyeupe, bado iko kwenye sindano ya kufumia.

Unajua kwetu inavyokuwa. Kofia ya mutoto ambaye hajazaliwa haifungwi. Vitanzi vya mwisho vinabaki kwenye sindano mpaka mutoto alie, njo unavifunga. Kofia ya kuuza sokoni, muntu anaimaliza anaitundika. Hii ilikuwa imefika mwisho, ilibaki kufungwa tu, na ilikuwa imefichwa. Nikajua iko na mwenyewe, na mwenyewe bado iko tumboni. Tumbo la nani?

Ndani ya nyumba tuko wanawake wawili, na mimi nimekwisha kuzeeka. Nikairudisha kofia palepale, nikafunika na muchele, nikaanza kumuangalia Aziza. Namna anavyoinama kufagia. Namna anavyokamata kiuno akiweka ndoo chini. Sikuona kitu, na kutoona kitu kukanitia wasiwasi zaidi.

Nikamutega kwa chungu. Nilitwanga majani ya muhogo mwenyewe, sombe ya kweli, nikamwaga mawese bila huruma, nikatia samaki wa moshi, yule anayenuka mpaka barabarani. Mimba ikiwa changa, katika ukoo wetu harufu hiyo inatutoa mbio. Mimi nilikimbia, mama yangu alikimbia. Aziza alikaa karibu kabisa na chungu. Alikula, akaongeza, akaomba na kichwa cha samaki.

“Koko, mbona unaniangalia mudomo?”

“Kula.”

“Umeweka nini ndani?”

“Samaki, mjukuu wangu. Kula.”

Alipoanza kulamba vidole, mawazo yangu yakaenda kwa wale samaki niliokutumia na mwenye pikipiki. Ulinijibu kwenye telefoni: Mama, usitume tena wa moshi, Salumu hawapendi. Salumu? Yule aliyekula hapa kwangu akatafuna mpaka miiba? Siku ile sikubishana, lakini neno hilo sikulisahau.

Nikamuambia Aziza, “Kofia iliyo kwenye gunia ni ya mutoto wa shangazi yako.”

Akaacha kutafuna. “Koko, mimi sijasema kitu.”

“Njo hivyo umesema.”

Akalia kidogo, akaeleza. Ati wewe njo ulimuomba aifume kwa siri. Ati wale wawili wa kwanza, mimba zilitoka mapema baada ya watu kujua, na safari hii unataka kunyamaza mpaka mwisho.

“Hata kwa mama yake?” nikauliza.

“Zaidi kwako, koko. Alisema utatuma watu kumuchungulia.”

Ningewatuma, ndiyo.

Mwavita, sikukasirika kwa kuficha. Mimi mwenyewe nilificha. Wakati wa vita, tulipokimbia kutoka Punia, wewe ulikuwa tumboni. Tulipika alfajiri, moto mudogo, bila samaki, bila kitunguu, maana harufu iliwaita wenye bunduki. Kofia yako niliifuma kwa vyuma viwili vya gurudumu la baiskeli, uzi nilitoa kwa kufumua sweta ya marehemu baba yako. Muntu akitokea njiani, naisukuma kifuani chini ya kitambaa. Hata wale tuliotembea nao sikuwaambia.

Lakini mama yangu alijua. Alitembea nyuma yangu, hakuuliza kitu, alinibebea sufuria. Siku ulipokuja, kule porini, mikono yake njo ilikupokea. Bila mikono ile, mimi na wewe tungebaki kwenye majani.

Kwa hiyo ficha kwa watu wote, nitakusaidia kudanganya. Usifiche kwangu. Salumu anakuchotea maji, ao anasema tu atachota? Mama mukwe wako anakupikia nini, na anaonja kwanza? Nauliza tu, simushitaki muntu. Lakini wale wawili waliondokea huko, na ukishikwa usiku, kati yako na mukunga wa maana ni matope tu. Huyu utamuzalia hapa. Aziza amesimamisha kalamu, anasema niweke “tafadhali.” Siweki.

Mama Zaina nimemupelekea chumvi, nikamuambia mwizi wa uzi nimemukamata, ni panya. Akauliza panya gani anaiba uzi mweupe tu. Huyo mwanamuke tumuogope.

Nisalimie Salumu, mwambie sina neno naye, kwa sasa. Nisalimie mama mukwe wako kwa heshima yote, lakini barua asiione. Nisalimie kaka yangu muzee, mjomba wako anayelinda kiwanja cha baba yetu, aache kulala kwenye baridi.

Sasa sikiliza safari yako. Utoke huko kabla tumbo halijaonekana chini ya kikwembe. Mwenye pikipiki aende polepole, mulale njiani, usikubali akuharakishe. Hapa usipite mbele, pita nyuma, mulango wa jikoni. Na muntu yeyote akikuuliza umefuata nini Kindu, sema umekuja kumuuguza mama yako. Utanikuta kitandani, ninaugua vizuri.

Mimi mama yako,
Mama Mwavita