Wali Niliokwenda Nao Kisarawe

Shangazi Atupele mpendwa, shikamoo, nakuja kwako na aibu yangu unisaidie. Mimi ni Mama Zubeir wa Pangani hapa Kibaha, na kabla ya yote ujue Zubeir wangu ni injinia kiwandani Zegereni, ana ofisi yenye kiyoyozi, mtaa mzima hakuna aliyezaa kama mimi, basi kijana kapata mchumba Kisarawe, Firdausi, mtoto ana adabu huyo, tukapanga siku ya kupeleka posa, nami kwa kuwaza wale watu wa shamba watatulisha nini nikaamka alfajiri nikapika wali wa nazi na kuku, nikajaza hotpoti kubwa, tukaenda nayo.

Tulipofika, mama wa binti, Bi Tatu, alishatandika jamvi na vyakula vimefunikwa kawa. Mimi nikasema kwa sauti, "Msijisumbue, mwanangu tumbo lake halijazoea vyakula vya huku." Mjomba wa binti, Mzee Mwishehe, akasema, "Basi na mke mngekuja naye humo humo kwenye hotpoti." Nikajifanya sikusikia, nikafungua. Harufu iliyotoka, Shangazi! Wali wote umechacha kwa joto la njiani. Zubeir akainamisha kichwa, nikajua posa imekufa. Lakini Bi Tatu akafunua kawa zake, akasema, "Karibuni, safari ina njaa." Wali, kisamvu, kuku wa kienyeji, nikala mpaka nikaongeza, na posa wakaipokea! Nilirudi nyumbani naimba.

Sasa kosa. Majirani walipouliza chakula kilikuwaje, mdomo wangu huu ukasema wali wa Kisarawe ulikuwa umechacha. Maneno yakafika huko. Juzi Bi Tatu kapiga simu. Akasema, "Mama Zubeir, nasikia nimewalisha wali uliochacha. Walioniuliza nimewaambia huenda nilikosea. Usihofu mwenzangu, watoto wataoana." Nikashusha pumzi, mzigo ukanitoka, halafu nikalia. Harusi ipo, alhamdulillahi. Lakini Zubeir anasema, "Mama, kaombe radhi," na mimi mama wa bwana harusi nitajishusha vipi kwa mama wa binti, si watanidharau milele?

*

Marahaba, Mama Zubeir. Hongera kwa kupata mkwe, na hongera zaidi kwa wakwe uliowapata. Sasa nisikilize. Unaogopa kudharauliwa? Siku ile jamvini walikuona wewe na hotpoti yako, harufu wakaisikia, na bado wakakupa binti yao. Kwao huna cha kuficha. Unawaficha majirani tu. Mwenzako kakubebea aibu yako, wewe unaniuliza nani ajishushe kwa nani! Hebu acha. Na huyo Zubeir kweli umemlea, maana kakwambia kabla yangu. Jisifie hilo, si kiyoyozi.

Jumamosi nenda Kisarawe mwenyewe, usitume mshenga, usipige simu. Beba ile ile hotpoti, safari hii ikiwa tupu. Mwambie Bi Tatu, "Nisamehe, nilikudharau, kisha nikakusingizia." Ishie hapo, uinjinia wa mtoto usiuingize. Akishakusamehe, na atakusamehe, mwombe akujazie kisamvu chake. Ukirudi Pangani waite majirani wale wale, wape sahani, waonje kwanza. Wakiuliza kapika nani, mtaje. Wakiuliza ule wali uliochacha ulikuwa wa nani, Mama Zubeir, jitaje.